Kitonga haiuzwi Steam

Wiki kama nne nyuma anko wangu alikuja kututembelea, mdogo wake mama, huyu mzee kaendesha malori ya Dar, Tunduma, Lusaka zaidi ya miaka ishirini mpaka mgongo ukagoma, sa hivi katulia kwake anafuga kuku na kubishana na redio. Mi nikaona leo ndo leo, ngoja nimwonyeshe dunia imefika wapi. Nikamkalisha kwenye kompyuta, nikamwashia Euro Truck Simulator 2 (ETS2), gemu la kuendesha malori, nikamchagulia Scania, nikamfungia tela la tani 20, nikamweka Hispania kwenye ramani ya Iberia ambayo niliinunua Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, kwa hela yangu halali kipindi cha ofa. Akasifia mlio wa injini. Akasifia vioo. Akaendesha dakika kama kumi na tano kwa kibodi bila kugusa kitu, wakati mimi siku yangu ya kwanza nilibomoa geti la kulipia barabara, alafu akasimamisha gari pembeni akaniangalia.

"Anko, Kitonga iko upande gani humu?"

(Kwetu mjomba na mpwa wote tunaitana anko, msije mkachanganyikiwa huko mbele.)

Nikamwambia haimo anko, hii ni Ulaya tu. Akatulia kidogo.

"Sasa wametengeneza gemu la malori hawajaweka Kitonga, walimtengenezea nani?"

Kwa asiyeijua, Kitonga ni ule mlima wa kupandia Iringa ukishaiacha Ruaha Mbuyuni, upande mmoja ukuta wa jiwe upande mwingine korongo, malori yanapanda yameongozana kama siafu na akitokea mjanja mmoja wa kuovateki kwenye kona mnaweza kulala hapo wote na abiria wenu. Kwa dereva wa Tanzania ule mlima ndo mtihani wa mwisho. Na mzee kaniuliza swali ambalo nimelala nalo siku tatu, maana kila siku huku kwa wapenzi wa gemu tunagombana lile lile, huyu anasema DLC (nyongeza za gemu zinazouzwa na kampuni yenyewe) ni wizi mtupu, modi za bure (nyongeza wanazotengeneza washabiki wenyewe) ndo mpango mzima, yule anasema modi ni takataka zinakreshi kompyuta, nunua vitu rasmi acha ubahili. Na mi nilikuwa timu modi damu damu. Sa hivi nimebadilika kidogo, ila sio kuhamia upande wa pili, ngoja nieleze.

Tuanze na hawa wenye gemu. SCS Software wako Prague, gemu walitoa Oktoba 2012, na toka hapo kazi yao kubwa ni kuuza barabara. Kabisa yani. 2013 wakauza Going East! wakaongeza Poland na majirani zake, 2015 Scandinavia, 2016 Ufaransa, 2017 Italia, 2018 nchi za Baltiki, 2019 wakashuka Romania na Bulgaria mpaka Istanbul, 2021 Iberia ambayo ni Hispania na Ureno, 2023 Balkani ya magharibi, 2024 Ugiriki. Zile kubwa bei yake kamili ni kama dola 18 hivi, ukipiga kwa shilingi ni kama 45,000 hivi, kwa barabara ambayo hutokuja kuikanyaga maisha yako yote. Ukizibeba zote bila kusubiri ofa hiyo ni kodi ya chumba Mbagala miezi kadhaa. Na hapo sijagusa DLC za rangi, maana wanauza mpaka rangi za vichwa vya malori, bendera za nchi mbali mbali, vitu vya kuning'iniza kwenye kioo cha mbele, dola chache chache. Rangi! Kitu ambacho mdogo wangu anakichora kwenye simu iliyopasuka kioo akisubiri wali uive.

Lakini nikikaa nikawa mkweli, ile ramani ya Iberia ni kazi. Ukitoka kaskazini kwenye majani mabichi ukashuka kusini udongo unabadilika taratibu mpaka unakuwa wa kahawia, mizeituni imepangwa mistari, vumbi unalihisi puani. Watu wamekaa ofisini mwaka na zaidi wakaipanga hiyo, wana watoto, wana kodi. Alafu kuna kitu watu hawakisemi, hela za hizo DLC ndo zimewafanya warudi kuijenga upya Ujerumani ya mwanzo ambayo ilikuwa mbaya kweli kweli, na hiyo wakatugawia bure wote tulionunua gemu mama. Gemu ya 2012 mpaka leo inapata apdeti. Nitajieni gemu ngapi za mwaka ule bado zinapumua.

Tatizo la kitu rasmi ni kwamba kina mwenyewe, na mwenyewe anapeleka barabara kule kwenye wateja. Mwenyewe akibadili mawazo imeisha hiyo. Walishatangaza DLC ya Urusi, Heart of Russia, picha tumeonyeshwa, watu wakasubiri, Mei 2022 wakasema kwa hali ya vita vya Ukraine hawaitoi. Sibishani na uamuzi wao, ni wao na gemu ni lao. Nachosema ni kwamba washabiki walikuwa na ramani yao ya bure ya Urusi, RusMap, siku nyingi kabla ya hapo, na hakuna kikao cha wakurugenzi kilichowahi kukaa kuijadili. Sasa kama Urusi ambayo ina wachezaji kibao imewekwa kabatini, mimi wa Kitonga nasubiri nini? Hakuna mtu atakaa mezani akasema jamani mwaka huu tufanye Morogoro mpaka Makambako. Haitatokea na wala siwalaumu, hata jina la gemu lenyewe linaanza na Euro.

Ndo maana Bongo na Kenya watu walivyoikuta BUSSID ilikuwa kama mtu kafunguliwa mlango wa pilau. Bus Simulator Indonesia, kampuni inaitwa Maleo, ilitoka 2017 kwenye simu za Android. Hawa Waindonesia walitengeneza mabasi yao wenyewe, barabara zao, makelele yao, na honi zao, si mnakumbuka 2016 mwishoni dunia nzima ilikuwa inaandika "om telolet om", watoto wanasimama pembeni ya barabara na mabango wanamwomba dereva wa basi apige honi ya muziki. Watu ambao hakuna kampuni ya Ulaya ingewawekea basi lao kwenye gemu wakaamua kujiwekea. Na kizuri zaidi wakaacha mlango wazi, unatengeneza gari lako kwenye Blender, programu ya kuchorea vitu vya 3D, unalifunga kwenye faili la mwisho wake .bussidvehicle, unaliingiza kwenye gemu, unalipaka liveri yako, yani rangi na michoro ya basi, unaondoka. Basi ikawa vurugu. Ingia YouTube leo uone, Yutong na Zhongtong za mikoani zimepakwa rangi za kampuni zetu, matatu za Nairobi na grafiti zake na muziki juu. Mdogo wangu alinitumia la kwake, nyuma kwenye kioo kaandika "Mungu Si Athumani" kwa ile herufi ya kuyumba yumba kama mabasi ya zamani. Nikamuuliza hii umejifunzia wapi. Akanijibu, "Kaka, si nimekaa stendi pale Mbezi nimeangalia tu."

Hicho ndo kitu hakuna DLC itakuuzia. Sio kwamba wazungu hawawezi kuchora, wanachora vizuri mara mia, ila hawajawahi kukaa stendi ya Mbezi wakiangalia tu.

Na sisi tuliokua kwenye vibanda vya gemu hili tunalijua toka zamani hata kabla hatujajua neno modi. Mnakumbuka Winning, lile gemu la mpira? PES 6 kwenye PS2, shilingi mia mechi moja, Chelsea inaitwa London FC, Liverpool inaitwa Merseyside Red, Man City ni Man Blue, kwasababu kampuni ya Konami haikuwa na leseni ya ligi nzima. Ukienda kwenye kibanda chenye sidii ya kawaida unacheza na hayo majina ya ajabu, ukienda kwa jamaa mwenye sidii iliyopigwa pachi unakuta jina sahihi, jezi sahihi, usajili wa Januari umo. Ile foleni ilikuwa kwa nani? Kwa mwenye pachi. Mwaka mzima mwenye sidii ya dukani anapigwa na upepo tu. Sisi hatukuwa hata na habari kwamba kuna mtu mahali fulani duniani kakaa usiku kucha kwenye kompyuta anaandika majina ya wachezaji mmoja mmoja bila kulipwa hata mia. Tulijua ndo gemu lilivyo. Na miaka imepita watu bado wanafanya kwenye gemu za mpira za simu, pachi ya usajili mpya inatoka kabla mchezaji mwenyewe hajamaliza kupiga picha na jezi.

Sasa nije kwenye hela maana ndo panapouma. Mnaijua habari ya farasi wa kampuni ya Bethesda? Aprili 2006, gemu la Oblivion, wakauza vazi la chuma la farasi, dola 2 na nusu kwenye Xbox 360. Vazi. La farasi. Halikuwa na kisa halikuwa na misheni, farasi anapendeza basi. Watu walicheka dunia nzima mpaka leo likitajwa watu wanacheka, ila kuna waliokuwa wanacheka huku wanalipa, na kampuni zote zikawa zimepata somo. Hizi rangi za bendera kwenye malori ni wajukuu wa yule farasi. Ila tusimpige kila mtu kwa fimbo ya farasi, kuna DLC ya The Witcher 3 inaitwa Blood and Wine ya 2016, nchi nzima mpya, saa na saa za kucheza, dola 20, kuna gemu kamili za dola 60 hazifikii hata nusu yake. Kwahiyo neno DLC peke yake halina kosa, uliza ndani kuna nini.

Alafu ikaja ile ya 2015 ambayo mi naiona ndo fundisho lenyewe. Bethesda tena, safari hii na Valve wenye Steam, tarehe 23 Aprili wakasema kuanzia leo mtengeneza modi za gemu lao la Skyrim akitaka anaweza kuuza modi yake. Kwa haraka haraka ni jambo jema si ndio, mtu alipwe jasho lake. Sasa angalia mgao. Kwenye kila dola mtengenezaji anapata senti 25. Valve 30, Bethesda 45. Yani mtu kalala saa nane za usiku miezi sita anatengeneza, alafu mwenye nyumba na mwenye soko wanaondoka na robo tatu. Hata dalali wa viwanja wa Kigamboni angeona aibu. Na hapo hapo likaibuka tatizo lingine, moja ya modi za mwanzo kuuzwa ilikuwa ya uvuvi wa samaki, kumbe ndani imetumia kazi ya modda (mtengeneza modi) mwingine ambaye aliitoa bure na hakukubali ya kwake iingie kwenye biashara, ikabidi ishushwe. Hapo ndo utajua modi za bure zimekaaje, hii imeegemea ile na ile imeegemea nyingine, kama nyumba za uswahilini, ukuta mmoja wa watu wawili. Siku mmoja akiweka bei majirani wote wanakosa usingizi. Watu wakachachamaa, tarehe 27 Aprili Valve wakafuta mpango mzima, wakarudisha hela. Siku nne tu. Bethesda hawakukata tamaa, 2017 wakaja na duka lao la nyongeza, Creation Club, Desemba 2023 wakaipanga upya, ila hiyo ina utaratibu wake, na kila wakiingiza apdeti ya hayo maduka modi za bure za watu zinavunjika wiki nzima, wazee wa Skyrim mnajua ninachosema.

Na kampuni zenyewe zinajua utamu wa modi. Counter-Strike ambayo tumekesha nayo kwenye kafee ilikuwa modi ya bure ya gemu la Half-Life, ilianza 1999, mwaka 2000 Valve wakawachukua waliotengeneza pamoja na gemu lenyewe. DotA ilikuwa modi ya Warcraft III, wenye Warcraft, Blizzard, wakalala, wengine wakatajirika. 2020 Blizzard walivyotoa Warcraft III: Reforged wakaandika kwenye masharti kwamba chochote mchezaji akitengeneza humo ndani ni mali yao. Umechelewa mzee, ng'ombe keshatoka zizini unafunga geti kwa kufuli la Kichina.

Haya turudi Kitonga.

Swali la anko lilinikereketa mpaka nikasema ngoja nijenge mwenyewe. Edita ya ramani inakuja na gemu bure, ile ile wanayotumia wao, huhitaji kuomba ruhusa kwa mtu. Nikajua wikiendi mbili nimemaliza. Jamani. Barabara unaichora kwa kuunganisha nukta, nukta hii na nukta ile, unaipindisha, unaipa mwinuko, alafu ukuta wa mlima unaanza kuingia katikati ya lami na huelewi kwanini. Kona moja imenila siku nne. Nikachukua aina ya barabara za Uingereza maana sisi na wao wote tunatembea kushoto, kumbe zimekuja na alama zao na vijiwe vyao vya kung'aa pembeni, ukiangalia unaona kabisa Kitonga imehamia Scotland. Magari ya kompyuta nayo yanapanda mlima spidi 80 kama yamebeba pamba, hakuna kinachoudhi kama kuovatekiwa Kitonga na lori la mafuta, ikabidi niweke kikomo cha 30 mlima mzima ndo yakashika adabu. Ukikosea kitu gemu halikwambii, linazima tu, unaenda kufungua faili la game.log.txt unasoma mistari ya makosa kama mwanafunzi anasoma matokeo ya darasa la saba. Wiki tatu nimepata kilomita mbili. Mbili! Na sijasema ni kilomita nzuri.

Na mibuyu je. Pale kabla ya mlima kuna bonde zima la mibuyu, ukiitoa hiyo sio njia ya Iringa tena, na kwenye gemu la Ulaya mbuyu unautoa wapi? Nikachukua mti mmoja mnene nikauvuta kwa pembeni ukanenepa, ukawa kama kiazi kimeota matawi. Nimeuacha hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni hapa, hapa ndo akili ilinikaa sawa. Udongo. Udongo wa Uingereza ni kijani kila mahali, hauna hata nyasi moja kavu. Nikahangaika we, mwisho nikakumbuka Iberia. Ile ardhi ya kahawia, vichaka vya kukauka, mawe mekundu mekundu, nikaviingiza na kilima kikaanza kufanana. Yani Kitonga yangu ya bure imesimama juu ya udongo nilioununua. Na maana yake nyingine, mtu yeyote asiye na DLC ya Iberia ramani yangu kwake haifunguki sawa, anakuta matundu. Nikakumbuka kumbe hata ProMods wako hivyo hivyo. Wale ndo baba wa ramani za bure za ETS2, wamejenga mpaka Iceland, na bado ukitaka kuiweka lazima uwe na DLC zote za ramani. Zote. Zamani nilikuwa nawatukana kwa hilo, nasema bure gani hii yenye masharti ya mganga. Leo nimekaa kwenye kiti chao nimewaelewa. Washabiki wanaenda pale kampuni isipofika, ila wanatembea kwa viatu vya kampuni. Na kampuni inajua, maana kuna watu kibao wananunua DLC ambayo hawaihitaji ili tu ProMods iwake, na mimi ni mmoja wao, Baltiki nimenunua na sijawahi kupeleka hata gunia la misumari.

Kwahiyo msimamo wangu sa hivi mkiuliza, hela yangu inaenda kwa anayeacha mlango wazi. Sijali sana DLC ina bei gani kama wakati huo huo unanipa edita, unaniachia foleda ya modi, na ukitoa apdeti inayovunja kazi za watu unawaachia vesheni ya zamani waendelee nayo, kama SCS wanavyofanya Steam. Huyo nitamnunulia hata bendera ya Poland niweke kwenye kioo. Ila wewe unayefunga kila kitu kwa kufuli alafu unaniuzia rangi ya gari peke yake, hapana, tukutane kwenye kreki, kopi ya wizi. Najua kuna wenzangu wengi hapa bado mko kwenye kreki kwa kila kitu, mi mwenyewe gemu la kwanza la malori nililipata kwenye flashi ya mshkaji na sitawahubiria, dola kwetu ni dola na kadi yenyewe ya kulipia mpaka uitengeneze kwenye simu na bado siku nyingine inagoma. Nasema tu ukipata ofa ya asilimia sabini, usiione kama umeibiwa.

Wa kumwogopa mimi simwoni Prague wala Indonesia. Yuko kwenye grupu la WhatsApp. Mwaka jana nilituma 5,000 kwa mtu ninunue basi la BUSSID, Yutong ya njia ya kusini, anasema "eksklusivu haipo popote". Faili likaja na neno la siri, nikaliweka, zuri kweli. Wiki haijaisha nikalikuta kwenye chaneli ya modda mmoja wa Indonesia, lile lile, bure, na ameandika chini kabisa tafadhali usiuze usifute jina langu. Jina lake lilikuwa limefutwa na kwenye kioo limewekwa la muuzaji wetu. Nikamfuata inboksi, akanibloki. Hapo sasa hudhulumiwi na DLC wala na modi, unadhulumiwa na mtu ambaye hajachora hata bolti moja. Na mbaya zaidi wale mamodda wakichoka wanaacha, au wanafunga modi zao kwa neno la siri wengine wote tunateseka, unaangalia video ya dakika kumi na mbili kutafuta namba nne.

Juzi Jumamosi nikamwita anko tena. Shkamoo, marahaba, nikampa na karanga, nikamweka chini ya mlima na Scania ile ile. Sikumwambia ni wapi. Alipita bonde la viazi vyangu bila kusema kitu, nikaanza kutoka jasho, alafu alivyoona barabara inaanza kunyanyuka na ukuta umekuja upande wake akashusha gia mbili kabla hata injini haijalia. Mi mwenyewe huwa nasubiri ilie. Akapanda kona ya kwanza taratibu, ya pili, akawa ameacha kutafuna karanga. Kilomita mbili zikaisha, barabara ikakatika hewani maana ndo nimeishia hapo, akasimama pale ukingoni akaangalia chini muda mrefu.

"Umeipatia ile kona," akasema. Alafu, "Ila anko, nyani wako wapi? Pale huwezi kupita usione nyani wamekaa pembeni wanasubiri ndizi."

Faili lina MB 14, nitaweka linki wiki hii, bure, ila uwe na Iberia. Ukiliona mtu analiuza kwenye grupu nishtue. Na kama kuna mdau anajua Blender vizuri anicheki, nyani hawamo kwenye DLC yoyote ile nimeshatafuta zote, nahitaji watatu tu, mmoja awe ameshika ndizi.